Msimbo Unagawiwa Bure, Mabilioni Yanatoka Wapi?

*"Mtaalamu, salaam. Ninasimamia kitengo kidogo cha kompyuta katika taasisi yenye seva kadhaa. Karibu kila tunachotumia ni programu huria: mfumo wa Linux, hifadhidata za PostgreSQL na Redis, na nyinginezo. Mkurugenzi wetu mpya amesoma kwamba IBM ilitoa dola bilioni 34 kuinunua Red Hat, akaniuliza swali lililonishinda: fedha zote hizo zinalipwaje kwa kampuni ambayo bidhaa yake mtu anaweza kuipata bure? Yeye anaamini kuna mawili tu: ama kampuni hizi zinauza data zetu kwa siri, ama zinatuzoesha kutumia bure ili kesho zitufungie mlango na kudai malipo. Anataka tuhamie kwenye programu za kulipia ambazo, kwa maneno yake, angalau bei yake tunaijua. Je, ana sababu ya kuogopa? Na hawa wakubwa faida wanaipata wapi?"*

Ndugu msomaji,

Mkurugenzi wako ameuliza swali la mtu anayejali fedha za taasisi yake, na ningependa ulipokee hivyo. Anaona bidhaa isiyo na bei, anaona kampuni inayoigawa ikinunuliwa kwa mabilioni, na kwa kuwa hesabu hizo mbili haziafikiani anahitimisha kwamba kuna jambo anafichwa. Kati ya hofu zake mbili, ile ya data kuuzwa haizihusu Linux, PostgreSQL wala Redis mnazoziendesha kwenye seva zenu wenyewe, ingawa ina mahali pake ambapo nitapaonesha. Ile ya mlango kufungwa ni ya kweli: imekwisha kutokea, tena kwa mojawapo ya programu ulizozitaja. Ninachokikataa ni dawa anayoipendekeza, na sababu zangu zitaonekana ukishaelewa fedha hizi zinapita njia gani.

Leseni ya programu huria humpa kila mtu haki ya kuitumia programu, kuusoma msimbo wake, kuubadili na kuusambaza. Haikatazi biashara hata kidogo. Richard Stallman, aliyeanzisha mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983 na ambaye wengi humdhania kuwa adui wa fedha, katikati ya miaka ya 1980 aliuza kanda za sumaku zenye programu yake ya Emacs kwa dola 150 kila moja, na leseni yake ya GPL iliyotoka mwaka 1989, inayomtaka anayesambaza programu atoe na msimbo wake, inaruhusu waziwazi kutoza malipo kwa kazi ya kusambaza nakala. Ugumu uko kwenye bei. Kitu kinachonakiliwa bila gharama, na ambacho mnunuzi wa kwanza ana haki ya kumpa wa pili, hakiwezi kushikilia bei kwa muda mrefu. Kwa hiyo anayetafuta faida hana budi kuuza kitu kilicho jirani na msimbo ambacho hakinakiliki: muda wa wataalamu, dhamana ya kuwajibika, kazi ya kuendesha mitambo usiku na mchana, jina linaloaminika, au bidhaa nyingine kabisa ambayo programu ya bure inaifungulia njia sokoni. Ukiitazama kampuni yoyote kubwa katika uwanja huu, jiulize inauza nini hasa. Ni nadra jibu kuwa msimbo wenyewe.

Chukua Red Hat, kampuni inayotoa toleo lake la Linux, kwa kuwa ndiyo iliyozua mjadala wenu. Ilianzishwa mwaka 1993, na katika mwaka wake wa fedha ulioishia Februari 2012 ikawa kampuni ya kwanza ya programu huria kuvuka mapato ya dola bilioni moja kwa mwaka. Katika mwaka wa fedha ulioishia Februari 2018, miezi michache kabla ya IBM kutangaza nia ya kuinunua, mapato hayo yalikaribia bilioni tatu. Wateja hawakuwa wakiinunua Linux, kwa maana Linux wangeweza kuipakua. Walikuwa wakilipia usajili wa mwaka, na ndani ya usajili huo mna kazi ambayo mtu wa nje haioni, nayo inastahili kutazamwa kwa karibu.

Red Hat Enterprise Linux toleo la 7 ilitoka Juni 2014 ikiwa na kiini cha Linux, yaani sehemu ya ndani inayoendesha mashine, namba 3.10. Waandishi wa kiini hawakusimama hapo. Waliendelea hadi matoleo ya 4, ya 5 na ya 6. Sasa fikiria benki iliyoujenga mfumo wake juu ya 3.10, ikaujaribu kwa miezi kadhaa, ikapata kibali cha wakaguzi, na isiyotaka mtu aguse kitu tena. Mwanya wa usalama unapogunduliwa, marekebisho huandikwa kwanza kwa ajili ya kiini kipya, ambacho kwa ndani kimekwisha kubadilika sana. Mhandisi wa Red Hat huyachukua marekebisho hayo, hutafuta sehemu yenye kasoro ileile katika msimbo wa miaka ya nyuma, huyaandika upya ili yakae humo bila kubadilisha namna programu nyingine zinavyowasiliana na kiini, kisha huyajaribu kabla ya kuyapeleka kwa wateja. Toleo hilo lilitunzwa hivyo mpaka Juni 2024, miaka kumi, na mpaka siku ya mwisho namba ya kiini ilibaki 3.10. Benki ilikuwa ikinunua miaka kumi ya utulivu, pamoja na mtu wa kumpigia simu ambaye mkataba unamlazimu kupokea. Msimbo wa marekebisho yale unaweza kunakiliwa na yeyote, lakini timu ya wahandisi wanaojua kuyafanya mwaka baada ya mwaka hainakiliki, na hicho ndicho IBM ilichokilipia ilipokamilisha ununuzi Julai 2019. Ilipata pia OpenShift, bidhaa ya Red Hat inayoziwezesha kampuni kuendesha programu zao kwenye mitambo yao wenyewe au kwenye wingu, yaani mitambo ya kukodi kupitia mtandao, la mtu mwingine, wakati ambapo IBM ilikuwa imeachwa nyuma na Amazon, Microsoft na Google katika biashara hiyo.

Haki inanitaka niseme na upande wa pili, kwa sababu hapa mkurugenzi wako ana hoja. Kwa miaka mingi waliotaka utulivu wa Red Hat bila usajili walitumia CentOS, mfumo uliojengwa kutokana na msimbo uleule. Red Hat iliuchukua mradi huo chini yake mwaka 2014. Desemba 2020 ikatangaza kwamba CentOS Linux 8, ambayo watumiaji walitarajia ipate masasisho hadi mwaka 2029, ingefikia kikomo mwishoni mwa mwaka 2021. Juni 2023 ikaenda mbali zaidi: msimbo wa Red Hat Enterprise Linux yenyewe haukuwekwa tena hadharani kama zamani, bali ulibaki kwa wateja wake, jambo ambalo leseni ya GPL inaliruhusu kwa kuwa inamlazimu mtu kuwapa msimbo wale tu aliowapa programu. Waliokuwa wamejenga juu ya CentOS walipata usumbufu mkubwa. Hata hivyo hawakukwama. Kabla CentOS 8 haijafika ukomo, AlmaLinux na Rocky Linux zilikuwa zimekwisha kutolewa na watu wengine, na wengi walihamia huko bila kulipa. Nadhani uamuzi ule uliidhuru imani ya watu kwa kampuni kuliko ulivyoinufaisha, lakini ulionesha jinsi ilivyo vigumu kumfungia mlango mtu ambaye leseni imempa ufunguo wake mwenyewe.

Ziko njia mbili nyingine ambazo nitazigusa kwa ufupi. Ya kwanza ni ya kampuni zinazotoa kiini cha bidhaa kwa leseni huria na kuuza vipengele vya ziada vinavyohitajika na mashirika makubwa, kama vile udhibiti wa ruhusa za watumiaji na kumbukumbu za ukaguzi. GitLab, iliyoingia soko la hisa mwaka 2021, ni mfano wake. Ya pili ni ya leseni mbili kwa msimbo mmoja, ambayo MySQL iliitumia kwa mafanikio: aliyekubali masharti ya GPL alitumia bure, na aliyetaka kuiweka ndani ya bidhaa yake iliyofungwa alinunua leseni nyingine. Sun Microsystems iliinunua kampuni hiyo mwaka 2008 kwa takriban dola bilioni moja, kisha Sun yenyewe ikachukuliwa na Oracle mwaka 2010.

Njia ambayo kwa tathmini yangu ndiyo yenye uzito zaidi leo ni ile ya kuendesha programu kwa niaba ya mteja. Amazon ilifungua huduma zake za wingu mwaka 2006, na mwaka 2009 ikaanza kukodisha hifadhidata ya MySQL iliyo tayari kutumika. Mteja huchagua ukubwa anaoutaka, na baada ya dakika chache hifadhidata ipo. Anacholipia kila saa ni kwamba mtu mwingine ndiye anayenunua diski, anayechukua nakala za akiba, anayeweka masasisho, na anayehakikisha kwamba mashine moja ikianguka nyingine inashika kazi. Wewe unayesimamia seva unajua kazi hiyo ina uzito gani saa nane za usiku. Amazon haikuiandika MySQL, na leseni haikuidai iwe imeiandika. Ndivyo ilivyotokea kwamba sehemu kubwa ya faida itokanayo na programu huria humwendea mwenye mitambo, wakati mwenye msimbo anatazama.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Kampuni zilizokuwa zimeandika hifadhidata na zana maarufu ziliona wauzaji wa wingu wakivuna walichopanda wao, zikaanza kubadilisha leseni moja baada ya nyingine. MongoDB ilitangulia Oktoba 2018 kwa leseni mpya inayomtaka anayeiuza kama huduma aweke wazi msimbo wote wa mfumo anaotumia kuiendeshea huduma hiyo. Taasisi ya Open Source Initiative, inayosimamia maana rasmi ya programu huria tangu mwaka 1998, haikuikubali leseni hiyo. Elastic ilifuata mwaka 2021, HashiCorp Agosti 2023, na Redis Machi 2024. Tazama kilichofuata kwa hizi tatu za mwisho. Amazon ilichukua toleo la mwisho lililokuwa huria la Elasticsearch, programu ya utafutaji ya Elastic, ikaanzisha tawi, yaani nakala inayoendelezwa kivyake na watu wengine, liitwalo OpenSearch. Watumiaji wa Terraform, bidhaa mashuhuri ya HashiCorp, wakaanzisha OpenTofu. Na kwa Redis, kabla Machi hiyo haijaisha, taasisi ya Linux Foundation ilikuwa imetangaza Valkey, tawi lililoungwa mkono na Amazon, Google na Oracle miongoni mwa wengine. Elastic ilirejesha leseni huria mwaka 2024 kwa kuongeza AGPL, aina ya GPL inayombana pia anayeibadilisha programu na kuitoa kama huduma ya mtandaoni, kama chaguo, na Redis ikafanya vivyo hivyo mwaka 2025 ilipotoa toleo la 8.

Nimekaa hapa kwa sababu ndipo palipo na jibu la hofu ya pili ya mkurugenzi wako. Redis mliyokuwa nayo hadi toleo la 7.2 ilitolewa kwa leseni ya BSD, leseni huria yenye masharti machache, na toleo lililokwisha kutolewa kwa leseni hiyo linabaki nayo. Mabadiliko yaliyahusu matoleo yaliyofuata, kuanzia la 7.4. Hata masharti mapya yalilenga wale wanaoiuza Redis kama huduma. Taasisi inayoitumia kwa kazi zake za ndani haikudaiwa malipo. Mlango ulisogezwa, ndiyo, lakini mlikuwa na njia tatu za kupita: kubaki na toleo la zamani kwa muda mkijua kwamba masasisho ya usalama yatakwisha, kuhamia Valkey, au kukubali masharti mapya. Programu iliyofungwa isingewapa ile ya pili, ya kuhamia tawi la msimbo uleule.

Je, mtu anaweza kutabiri ni programu gani itabadilishiwa masharti? Kwa kiasi kikubwa anaweza, na kigezo ni nani anayeshika hakimiliki na jina. Zipo kampuni zinazowataka wachangiaji watie saini makubaliano ya kuipa kampuni haki ya kutumia michango yao kwa leseni yoyote. Na zipo programu ambazo leseni yake ya awali ni pana kiasi kwamba kampuni yenye jina inaweza kutoa matoleo yajayo kwa masharti mengine bila kuomba ruhusa ya mtu. Redis ilikuwa hivyo. PostgreSQL nayo ina leseni pana, na wapo waliojenga bidhaa zilizofungwa juu yake, lakini mradi wenyewe hauko mikononi mwa kampuni moja, kwa hiyo hakuna kikao cha wakurugenzi kinachoweza kuamka asubuhi kikaubadilisha. Kiini cha Linux kiko mbali zaidi ya hapo: Linus Torvalds alikianzisha mwaka 1991, na tangu alipokiweka chini ya GPL mwaka 1992, maelfu ya watu na makampuni wamechangia msimbo na kila mmoja amebaki na hakimiliki ya alichoandika, hivyo kubadilisha leseni kungehitaji ridhaa ya umati ambao hauwezekani kukusanywa. Kwa hiyo katika programu tatu ulizonitajia mnazo ngazi tatu za hatari, na ya juu kati ya hizo imekwisha kutokea nanyi mngali mnafanya kazi.

Sasa tugeukie data. Baadhi ya wakubwa hutoa programu huria ili kuinua bidhaa nyingine wanayoiuza, na hapa kiasi cha fedha ni kikubwa mno. Google iliinunua Android mwaka 2005, na simu za kwanza zenye mfumo huo zikatoka mwaka 2008. Msimbo wa msingi ni huria, yeyote anaweza kuuchukua. Lakini duka la programu la Play, ramani na huduma za Google zinazowekwa juu yake zimefungwa, na mtengenezaji wa simu anayezitaka hutia saini mkataba. Mwaka 2018 Kamisheni ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34 kwa masharti yaliyokuwa katika mikataba hiyo, kiasi ambacho mahakama ilikipunguza hadi bilioni 4.125 mwaka 2022. Google hupata fedha zake nyingi kwa matangazo, na kila simu inayofungua utafutaji wake ni mlango wa matangazo hayo. Ukitaka kujua data inachukuliwa wapi, basi, iangalie huduma iliyopachikwa juu ya msimbo, wala si msimbo ambao dunia nzima inausoma. Hata hivyo zipo programu zenye msimbo huria ambazo hutuma takwimu za matumizi kwa kampuni. Visual Studio Code ya Microsoft, programu ya kuandikia msimbo, ni mfano ulio wazi: msimbo wake una leseni huria ya MIT, lakini nakala ambayo Microsoft inaigawa ina leseni yake tofauti na hutuma takwimu, ambazo mtumiaji anaweza kuzizima kwenye mipangilio. Mwambie mkurugenzi wako kwamba hofu hii inapimika: fundi wa mtandao anaweza kukaa kwenye seva zenu akatazama ni mawasiliano gani yanayotoka nje, na PostgreSQL yenu haitaonekana ikizungumza na yeyote msiyemtuma izungumze naye.

Kubernetes, programu ya kusimamia programu nyingine zinazoendeshwa kwenye seva nyingi, iko katika kundi hilihili. Google iliitoa mwaka 2014 na mwaka uliofuata ikaikabidhi kwa taasisi iliyo chini ya Linux Foundation. Kwa maoni yangu, mkakati ulikuwa wa mtu aliye nyuma ya Amazon katika biashara ya wingu: ikiwa kila kampuni itafungasha programu zake kwa namna moja inayokubalika kila mahali, kumhama mshindani kunakuwa rahisi. Microsoft nayo, ambayo mkuu wake wa wakati huo, Steve Ballmer, aliifananisha Linux na saratani mwaka 2001, iliinunua GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushirikiana msimbo, mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5, kwa kuwa wateja wa wingu lake wanaendesha Linux kwa wingi, na waandishi wa programu wanaokusanyika GitHub ndio wanaochagua wingu la kutumia.

Na kuna faida isiyoonekana kwenye ankara yoyote, ile ya kugawana gharama. Intel, Google, Red Hat, Huawei na wengine wengi huwalipa mishahara wahandisi wanaoandika kiini cha Linux. Kila kampuni hulipia sehemu ndogo ya kazi na hupata kazi yote. Kujenga mfumo kama huo peke yako ni gharama ambayo hata tajiri hujiuliza mara mbili, na ndiyo maana tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zilizo kwenye orodha ya zenye nguvu zaidi duniani zinatumia Linux.

Niongeze hatari ambayo mkurugenzi wako hakuitaja na ambayo mimi huiogopa kuliko zile mbili: programu ambayo kila mtu anaitegemea na hakuna anayeilipia. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua kwamba kuingia kwenye mashine yake kwa SSH, njia ya kuingia kwenye mashine kwa mbali, kulikuwa kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Alifuatilia ucheleweshaji huo mpaka akafika kwenye xz, maktaba ndogo ya msimbo wa kubana mafaili, ambamo mtu aliyejipatia imani ya mtunzaji wake kwa muda mrefu alikuwa ameficha mlango wa siri. Mradi huo ulikuwa umebebwa na mtu mmoja aliyechoka, akifanya kazi kwa kujitolea. Freund ni mmoja wa waandishi wa PostgreSQL, na wakati huo aliyemlipa mshahara alikuwa Microsoft. Tukio hilo linaonesha pande zote mbili za uchumi huu: fedha za kampuni kubwa humweka mtaalamu mahali anapohitajika, lakini hufika tu pale ambapo kampuni imeona maslahi yake, na maktaba ndogo za chini husahaulika.

Kuhusu uamuzi wenu, sioni sababu ya kuhama kwa jumla. Bei ya programu iliyofungwa inajulikana leo tu. Broadcom ilipokamilisha ununuzi wa VMware, kampuni ya programu za kuigawa seva moja kuwa mashine nyingi, Novemba 2023, mwezi uliofuata ilitangaza kuacha kuuza leseni za kudumu na kuhamishia kila kitu kwenye usajili, na wateja waliokuwa wakiijua bei yao walijikuta katika mazungumzo mapya ambamo hawakuwa na tawi la kuhamia. Swali la maana kwenu ni kazi ipi mnaiweza wenyewe. Kama una watu wawili au watatu wanaoielewa Linux vizuri, wanaosoma matangazo ya usalama na kuweka masasisho kwa wakati, endeleeni bila usajili, lakini mkurugenzi akubali kwamba mishahara na mafunzo ya watu hao ndiyo bei ya programu yenu. Kama mfumo mmoja ukisimama saa sita taasisi nzima inasimama, lipieni usajili wa msaada kwa huo mmoja na muiache mingine. Wauzaji hupenda kufunika kila seva, nanyi hamhitaji. Huduma ya wingu inafaa pale mnapokosa watu, na ubaya wake ni kwamba kuingia ni rahisi kuliko kutoka, hasa mkianza kutumia vipengele visivyopatikana kwingine na mkisahau kuuliza ada ya kuhamisha data kwenda nje. Kila mtakaloamua, jaribuni mara moja kwa mwaka kuirejesha hifadhidata yenu kutoka kwenye nakala ya akiba, kwenye mashine isiyo ya muuzaji huyo. Mkiweza, hakuna atakayewashika.

Kuna mambo ambayo maelezo ya maandishi hayatoshi. Kama taasisi yenu itaanza kuwapa wengine programu mliyoijenga kwa kuchanganya msimbo wenu na wa GPL, au mkitoa kwa umma huduma ya mtandaoni iliyojengwa juu ya programu ya AGPL mliyoibadilisha, muoneni mwanasheria anayezijua leseni hizi kabla ya kutoa, kwa kuwa huenda mkalazimika kutoa na msimbo wenu. Mkutaneni naye pia kabla ya kusaini usajili mkubwa, maana mikataba hiyo mara nyingi huhesabu seva au vichakato na humpa muuzaji haki ya kuja kukagua. Na kama mnahifadhi taarifa binafsi za watu, uamuzi wa kuzipeleka kwenye wingu upitie kwa mtu anayeijua sheria ya ulinzi wa data inayowahusu. Mkienda kwa yeyote kati ya hawa, chukueni orodha ya programu zenu zote ikiwa na namba ya toleo, leseni ya toleo hilo, na jina la anayeshika hakimiliki. Bila orodha hiyo mtamlipa mtaalamu kwa kazi ambayo kitengo chako kinaweza kuimaliza chenyewe. Anza na mstari wa Redis, uone kama mko kwenye toleo la 7.2 au mmekwisha kulivuka.